Kabla hujavuka pantoni kununua diski

Kompyuta inayochapa kazi katika stesheneri za Kimbiji haitofautiani sana na ya Tandika au Mbagala. Ni Dell OptiPlex au HP Compaq iliyomaliza utumishi wake katika ofisi fulani ya Ulaya, ikapakiwa kontenani, ikashuka bandarini na kuuzwa Kariakoo pamoja na kioo, kibodi na mausi. Ndani yake kuna hadidiski ya GB 500 iliyokuja nayo. Diski hiyo imebeba mikataba ya mauziano ya viwanja, barua za serikali ya mtaa, wasifu wa vijana wanaotafuta kazi, maombi ya mikopo ya HESLB na picha za vitambulisho vya NIDA ambazo hakuna aliyekumbuka kuzifuta. Asubuhi mwenye duka anaiwasha, anafagia, anapanga rimu za karatasi, anakunywa chai, na bado kiduara kinazunguka kwenye kioo.

Akiitwa fundi, dawa huwa ni mbili: kupiga windo upya au kuongeza ramu. Zote husaidia kwa wiki chache. Anayeamua kununua diski mpya naye huuliza swali moja tu, ya GB ngapi, kisha anavuka pantoni hadi Kariakoo na kurudi na kubwa kuliko zote alizomudu. Mimi ningeanza na mambo mawili mengine: umeme unakatikaje pale kompyuta ilipo, na siku diski ikifa utapoteza nini. Ukubwa unafuata baadaye, na mara nyingi hutokea kuwa mdogo kuliko ulivyodhani.

Lakini kwanza tumalize habari ya uzito wa kompyuta, maana ndiyo inayowapeleka watu dukani.

Ndani ya hadidiski ya kompyuta ya mezani kuna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na mkono wenye vichwa vya kusomea na kuandikia. Kila kipande cha data kinapotakiwa, mkono husogea hadi kwenye njia yake, kisha husubiri sahani iilete sehemu inayohusika chini ya kichwa. Kusogea huchukua kwa wastani milisekunde 8 au 9, na kusubiri nusu mzunguko ni milisekunde 4 na ushei. Jumla ni kama 13. Ukiigawa sekunde moja kwa hesabu hiyo, diski inaweza kwenda safari zisizofika 80. Diski za laptopu za zamani, zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, huwa nyuma zaidi. Kanuni hii ni ile ile ya mwaka 1956, IBM ilipotoa diski ya kwanza yenye sahani 50 za upana wa inchi 24 iliyobeba herufi milioni 5. Sahani zimepungua na kuwa ndogo, data imejazana humo mara mamilioni, lakini mkono bado lazima usafiri.

Sasa Windows ikiamka inataka maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila pembe ya diski. Programu ya kuzuia virusi nayo inataka vyake, na masasisho yanataka vyake. Wote wanagombea mkono mmoja wenye safari 80 kwa sekunde. Unaweza kuweka ramu ya GB 16 na foleni isipungue sana, kwa sababu mara ya kwanza data lazima itoke kwenye sahani. SSD haina mkono wala sahani. Data imekaa kwenye chipu, na ombi hujibiwa chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde. Hata SSD ya bei ya chini kabisa huhudumia maelfu ya maombi madogo katika muda ambao hadidiski imehudumia 80.

Kwa hiyo kuhusu diski ya kuwekea Windows sina mjadala. Iwe SSD, hata kama kompyuta ina miaka kumi. Mjadala ninao kwa muuzaji anayetaka kukupandisha kutoka SSD ya SATA hadi ya NVMe kwa sababu ya namba iliyo kwenye boksi. SATA hufika kama MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha tatu kama 3,500, ya kizazi cha nne kama 7,000. Hizo ni kasi za kunyoosha faili moja kubwa moja kwa moja. Kuchapa mkataba wa kiwanja, kufungua tovuti ya RITA au kuskani cheti hakutumii hata robo ya kasi ya SATA. Ukiondoka kwenye sahani kuja SATA utashangaa. Ukitoka SATA kwenda NVMe, kwa kazi za stesheneri, itabidi uambiwe ndipo ujue.

Tena kuna la tundu. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 au 9020 ya mwaka 2013 hazina kabisa nafasi ya M.2, na hizi ni mashine ambazo bado zinauzika sana mitaani. Laptopu zilizokuja baadaye kidogo zinayo, ila SSD za umbo la M.2 ni koo mbili zinazofanana kwa macho: moja inazungumza SATA, nyingine NVMe, na baadhi ya mashine hukubali ukoo mmoja tu. Kwa mtu wa Kimbiji kosa hilo lina nauli yake: bajaji au daladala hadi feri, pantoni, kisha Kariakoo kwenye msongamano, na kurudi. Piga picha namba ya modeli iliyo chini ya laptopu au nyuma ya kompyuta kabla hujatoka nyumbani. Ukiweza, beba diski ya zamani mkononi.

Umeme sasa. Kigamboni imebadilika tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe Aprili 2016, na Kimbiji, ambayo zamani tuliihesabu Temeke, imejaa nyumba mpya hadi karibu na ufukwe. Waliopitia mgao wa 2023 wanakumbuka ratiba zake. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, likiwa limejengwa kwa mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na lugha ya mgao ikapungua. Lakini megawati za Rufiji hazizuii kuti la mnazi kuangukia waya. Ukiwa mwishoni mwa laini ndefu inayopita kwenye minazi na mikorosho, upepo wa kusi ukivuma unajua mwenyewe kinachofuata: umeme unakatika, unarudi, unakatika tena kabla hujaketi. Kwa diski, huo mrudio wa haraka ni mbaya kuliko kiza cha saa sita.

Watu wengi huamini kwamba SSD haifi kwa sababu haina kitu kinachozunguka. Ni kweli ukiidondosha hupati hasara, wakati hadidiski inayofanya kazi ikianguka kutoka mezani vichwa vyake vinaweza kukwaruza sahani. Kwenye umeme, hata hivyo, mambo yanageuka. Hadidiski ina ujanja ambao wengi hawaujui: umeme ukikatika, sahani zinazoendelea kuzunguka huifanya mota izalishe umeme kidogo, na umeme huo ndio unaourudisha mkono kwenye maegesho kabla vichwa havijagusa sahani. Faili ulilokuwa unaliandika linaweza kuharibika. Diski yenyewe imejilinda.

SSD iko tofauti. Muda wote inahamisha data ndani kwa ndani ili chipu zichakae kwa usawa, na inatunza ramani ya mahali kila kitu kilipo. Ramani hiyo hubadilika kila unapoandika. SSD za seva zina kapasita za kutunza umeme wa kutosha kumalizia kazi; hizi za kwetu za bei ya kawaida hazina. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mara nyingi programu yake ya ndani hujirekebisha ukiwasha tena. Mara chache ramani huvurugika, na diski nzima haionekani tena kwenye kompyuta. Haikugonga, haikulia, haikuanza kwa kuganda. Hadidiski huugua kabla ya kufa na mwenye masikio anasikia. SSD huweza kufa ikiwa nzima jana.

Ndiyo maana kwa kompyuta ya mezani bei ya SSD naihesabu pamoja na UPS. UPS ndogo ya VA 650 inatosha, kwa sharti kwamba inabeba kompyuta na kioo tu. Nimeona maduka mengi yakichomeka humo humo printa ya leza au mashine ya kopi, ambayo kipasha moto chake huvuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS inazidiwa na kuzima kila kitu. Printa iende ukutani kupitia stabilaiza. Laptopu ina betri, kwa hiyo ina UPS ya kuzaliwa nayo, isipokuwa betri ikishakufa. Laptopu isiyowaka bila chaja, kwa upande wa diski, ni kompyuta ya mezani yenye kioo kidogo.

Hofu nyingine ambayo nadhani tunaikuza mno ni ile ya kwamba SSD "inaisha" kwa kuandikiwa. Chukua Kingston A400 ya GB 240, moja ya zilizozagaa sana madukani. Kiwanda kinaipa ukomo wa TB 80 za kuandikiwa. Duka linaloandika GB 20 kwa siku, na stesheneri haifiki huko, lingehitaji siku 4,000, karibu miaka 11, kuufikia ukomo huo. Kabla ya hapo umeme, joto au bahati mbaya vitakuwa vimeshaamua. Anayepaswa kupiga hesabu ni mpiga video wa harusi na kicheni pati, anayerudi Jumapili na GB 100 za picha za kamera, anazihariri, anazitoa upya, anazifuta na kuanza tena wiki ijayo. Yeye anunue kubwa yenye ukomo mkubwa. Samsung 870 EVO ya GB 500, kwa mfano, imepewa TB 300 na waranti ya miaka mitano. Pia asiijaze. SSD nyingi za bei nafuu huandika haraka kwenye sehemu ndogo iliyotengwa kama sebule ya mapokezi, na ikijaa kasi hushuka hata chini ya ile ya hadidiski. Kuacha kama asilimia 20 wazi huiachia nafasi ya kujipanga.

Si mbali na stesheneri utakuta kibanda cha muvi. Huko mteja analeta fleshi au memori kadi, anachagua filamu za Kikorea, za Kihindi, zilizotafsiriwa Kiswahili, anawekewa, analipa, anaondoka. Haki za walioitunga kazi hiyo ni mjadala mwingine, na si mdogo. Mimi hapa naangalia diski, na mahitaji ya kibanda hiki ni kinyume kabisa cha stesheneri: faili chache kubwa, zinazoandikwa mara moja na kusomwa mara mia. Mkono wa hadidiski ukishaufikia mwanzo wa filamu hauna haja ya kurukaruka, unasoma tu moja kwa moja kwa MB 100 au zaidi kila sekunde, na fleshi ya mteja ndiyo itakayochelewesha. Kwa kazi hiyo hadidiski bado ni mfalme, kwa sababu bei ya kila GB, ukivuka TB 1, iko chini ya ile ya SSD.

Ila nayo ina siri yake. Ili kubana data zaidi kwenye sahani ile ile, viwanda vilianza kuandika njia zikilaliana, kama fundi anavyoezeka makuti: kila safu inaifunika kidogo iliyotangulia. Kusoma hakuna shida. Kubadilisha njia moja ya katikati kunakulazimu uinue na kuzipanga upya zilizo juu yake, na hapo diski iliyokuwa inaenda vizuri inaanza kutambaa. Mfumo huo unaitwa SMR. Ule wa kawaida, ambao njia hazilaliani, ni CMR. Mwaka 2020 Western Digital ililaumiwa sana ilipobainika kwamba baadhi ya diski zake za familia ya Red, zilizouzwa kwa kazi nzito za kuhifadhi, zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuambiwa. Baadaye kampuni ikaanza kuorodhesha ipi ni ipi. Kwa mwenye kibanda cha muvi SMR haina ubaya, anaezeka mara moja na hagusi tena. Kwa mpiga video anayefuta na kuandika kila wiki, ni mateso. Diski ndogo za eksteno za TB 1 kwenda juu nyingi ni za aina hii, na boksi halikwambii. Tafuta namba ya modeli kwenye tovuti ya kiwanda.

Kuhusu eksteno kuna jambo jingine ambalo huja kugundulika siku ya msiba. Zamani, ukivunja tundu la waya, fundi alifungua kasha, akaitoa hadidiski ya kawaida na kuichomeka ndani ya kompyuta kwa SATA. Siku hizi baadhi ya eksteno, zikiwemo nyingi za My Passport, zimechomelewa tundu la USB kwenye ubao wa diski yenyewe, na data husimbwa na chipu ya hapo hapo. Tundu likilegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa mara hamsini kwa siku, hakuna SATA ya kukimbilia. Kibanda cha muvi kinachotumia eksteno kutwa nzima kingefanya vizuri zaidi kununua hadidiski ya inchi 3.5 na kuifunga ndani ya kompyuta ya mezani, ambako haitikiswi na mtu.

Chumvi ya bahari ina sehemu yake, ingawa si kubwa kama wanavyosema. Hadidiski za kawaida zina tundu dogo la kupumulia lenye chujio, na huwa limeandikwa lisizibwe. Usiliwekee stika. Kinachoumia zaidi pwani ni meno ya shaba ya waya na ubao, yanayoota kutu ya kijani. Inua kompyuta kutoka sakafuni, isikae chini ya dirisha linalotazama bahari, na mara moja moja chomoa waya za diski uzirudishe ili meno yajisugue.

Sasa Kariakoo yenyewe. Diski zinazouzwa huko ni mpya, zilizotumika, na zilizotumika zinazojiita mpya. Hii ya tatu haikuzaliwa Kariakoo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waandishi wa Heise wa Ujerumani walifichua kwamba hadidiski za Seagate zilizouzwa na maduka ya Ulaya kama mpya zilikuwa zimetumika maelfu ya saa, na kumbukumbu ya saa hizo ilikuwa imerudishwa sifuri. Kama mnunuzi wa Ujerumani alipigwa akiwa na risiti mkononi, wewe una kila sababu ya kuomba kuchomeka kabla ya kulipa.

Chomeka, kisha fungua programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na inaingia kwenye fleshi yoyote. Usitazame tu neno la rangi ya bluu linalosema hali ni nzuri. Tazama mstari wa 05, sekta zilizohamishwa. C5, sekta zinazosubiri kuamuliwa. Na C6, zilizoshindikana kusomeka. Kwa hadidiski iliyotumika nataka zote tatu ziwe sifuri. Muuzaji akisema "hizo mbili tatu si kitu," mrudishie, maana sekta mbovu ikianza huwa na wenzake njiani. Saa za kuwashwa zinahitaji akili zaidi. Mwaka mzima una saa 8,760. Diski yenye saa 20,000 inaweza kuwa ilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka miwili na kidogo kwenye kamera za ulinzi, au ilikaa kwenye ofisi ya saa tisa kwa siku kwa karibu miaka tisa. Mimi ningechukua ya ofisi iliyowahi kuzimwa usiku kuliko ya kamera isiyowahi kulala, na programu hiyo inaonyesha pia imewashwa mara ngapi, kwa hiyo unaweza kukisia ni ipi. Na ikionyesha saa 3 huku meno yake ya dhahabu yamekwaruzika, unajua unazungumza na nani.

Eksteno ya "TB 16" kwa bei ya chakula cha wiki haina hata haja ya kuchomekwa. Ndani huwa kuna memori kadi iliyofundishwa kudanganya: inakubali kila unachoiwekea, na ikijaa inaandika juu ya vya mwanzo. Ukubwa utaonekana kamili kwenye kioo. Programu ya H2testw huijaza yote na kuisoma tena, ndipo uongo unatoka. Tofauti na huo ni upungufu halali: kiwanda kinahesabu GB kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, kwa hiyo GB 500 husomeka 465 na TB 1 husomeka 931. Hapo hujaibiwa.

Dai risiti ya EFD yenye namba ya modeli, na uliza waranti inaheshimiwa dukani hapo au "kwa wakala". Duka lililokupa siku saba lakini linakuruhusu kupima pale pale nalipenda kuliko lililoahidi mwaka mmoja kwa mdomo.

Bei nazo zina tabia ya kuyumba kwa mambo ya mbali. Oktoba 2011 mafuriko ya Thailand yalipozamisha viwanda vya diski, vikiwemo vya Western Digital, bei zilipanda dunia nzima na zilichukua muda mrefu kushuka. Safari hii ni vituo vya akili mnemba vinavyonunua chipu kwa pupa. Mwishoni mwa 2025 bei za ramu na SSD zilipanda, na Desemba hiyo Micron ikatangaza kuachana na biashara ya Crucial, jina ambalo mafundi wetu wengi walikuwa wanalipendekeza. Kwa hali hiyo SSD ya GB 240 au 256 kwa stesheneri inatosha kabisa. Fedha inayobaki ina kazi.

Kazi yake ni diski ya pili. Mkataba wa kiwanja uliochapwa miaka mitatu iliyopita, ambao mnunuzi amerudi kuuomba kwa sababu nakala yake imeliwa na mchwa, hauna bei dukani. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotunza diski laki kadhaa na kuchapisha takwimu zake, iliona asilimia 1.57 ya diski zake zikifa mwaka 2024, na hizo zinaishi kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na umeme usioyumba. Zako haziishi huko. Hivyo bei ya diski, kwa mtu ambaye kazi yake imo ndani ya diski, ni bei ya diski mbili, na aliye na fedha ya moja ya GB 500 anunue mbili ndogo.

Ya pili iwe hadidiski, hata ile ile ya GB 500 uliyoitoa kwenye OptiPlex, kama mistari yake mitatu ni misafi. Inunulie kasha la USB na uiweke nyumbani, mbali na duka. SSD si nzuri kwa kukaa kabatini: kiwango cha JEDEC kinaitaka SSD ya kawaida iliyomaliza ukomo wake itunze data bila umeme kwa mwaka mmoja kwenye nyuzi 30, na joto likizidi hapo muda hupungua. Chumba cha bati Kimbiji mwezi Februari kinazidi hapo. Kuhifadhi mtandaoni ni kuzuri kwa faili ndogo za maandishi, ila GB 200 kwa bando ni ndoto, na 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi.

Diski inayoondoka dukani nayo si takataka. Mwaka 2009 wanafunzi wa uandishi kutoka Kanada walinunua hadidiski zilizotumika nchini Ghana, na katika moja wakakuta nyaraka za kampuni ya silaha ya Northrop Grumman. Kwako zitakutwa picha za NIDA na sahihi za wauza viwanja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haimsamehi mwenye duka dogo. Kupiga windo upya hakufuti. Kwa hadidiski tumia amri inayoandika sifuri diski nzima, kwa SSD tumia programu ya kiwanda ya kufuta kwa usalama.

Na ikitokea hadidiski ya kazi imeanza kugonga, tak, tak, tak, zima hapo hapo na uchomoe waya. Usiiwashe tena "kuona kama itakubali," usimruhusu fundi apige windo juu yake, wala usiiweke kwenye friji kama wanavyoshauriana vijiweni, maana unyevu wa pwani utaganda juu ya sahani. Kila dakika inayowaka, vichwa vilivyolegea vinaweza kuwa vinakwangua kile kile unachotaka kukiokoa. Ikiwa ni SSD na ulichofanya ni kufuta faili kwa bahati mbaya, zima pia, tena haraka zaidi, kwa sababu ina amri ya kusafisha nafasi zilizoachwa, na inaifanya yenyewe muda wowote ikiwa inawaka.